Sheria ya Aliyeguswa

Baba yetu alikuwa na watoto watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na mtoto wa jicho. Huyo wa tatu ndiye aliyemlea kwa siri. Alianzia jicho la kulia, akahamia la kushoto, na kila daktari aliyemwangalia alisema maneno yale yale: upasuaji mdogo tu, mzee, unaingia asubuhi, mchana uko kwako. Baba hakutaka kusikia. Mtu aliyeishi miaka yote kwa ncha ya upanga, anayefundisha wengine wasipepese macho chuma kinapowajia, alikuwa anaogopa kisu chembamba kuliko ukucha wake. Aliponiambia mara ya kwanza nilicheka. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata mdogo wangu, na tangu siku ile macho yake yakawa kazi yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Baba alikuwa na ukumbi wa kufundishia mchezo wa panga, juu ya duka la magodoro. Aliketi kwenye kiti chake pembeni, mgongo wima kama askari wa gwaride, akisikiliza miguu. "Wewe wa mwisho, kisigino!" hufoka, na kweli kisigino cha wa mwisho kimechelewa. Wanafunzi walidhani hakuna kinachompita machoni. Mgeni akiingia, mimi ndiye niliyemkaribisha kwa sauti kubwa, nikitaja kazi yake na alikotoka, ili Baba ajue anampa nani mkono na amuulize habari zipi. Watu wakaanza kuniita mchangamfu. Mimi si mchangamfu hata kidogo, waulize walionizoea.

Kila Jumamosi, baada ya mazoezi, aliwaketisha wanafunzi sakafuni na kuwasimulia historia. Ukutani zilining'inia panga za kila aina, naye alizijua kwa kuzipapasa. Alianza na zile pana za kushikwa kwa mikono miwili, za zama za watu waliovaa chuma mwili mzima. Akaeleza jinsi mafundi walivyozidi kuzichonga ncha ili zipenye kwenye viungo vya mavazi hayo, na jinsi bunduki zilivyokuja zikayafanya mavazi yenyewe kuwa mzigo wa bure. Upanga ukabaki ukining'inia kiunoni mwa mabwana wa mjini, pambo tu, kama tai. Hapo ndipo walipoanza kuchomana kwa sababu ya maneno. Huyu kasukumwa mlangoni, yule kachekwa mbele ya mwanamke. Alfajiri wanakutana uwanjani, kila mmoja na shahidi wake, panga zinapimwa ubavu kwa ubavu usizidi mmoja, na daktari aliyeletwa kushona majeraha anageuka awape mgongo, ili akiulizwa na serikali aweze kuapa kwamba hakuona kitu.

"Hakuona kitu!" Baba alikuwa akirudia, na wanafunzi wanaangua kicheko. Mimi nilikuwa nakusanya vinyago vyao vya wavu, vile vya kukinga uso.

Historia hiyo nimeisikia mpaka masikio yameota sugu, na mtu akinitaka niifupishe nitamwambia ni habari za wanaume waliokuwa tayari kutobolewa utumbo kuliko kusema samahani. Lakini kuna kitu kimoja Baba alikichota humo akakifanya nguzo ya ukumbi wake. Sehemu ya kugusa ni kuanzia shingo hadi kiuno. Ukiguswa hapo, unasema mwenyewe. Unasimama, unainua mkono usio na upanga, unatamka: "Nimeguswa." Hasemi mwamuzi, hawasemi watazamaji, na Mungu apishe mbali, hasemi yule aliyegusa. Mwanafunzi akithubutu kusema "nimekugusa" mguso unahesabiwa kwa mpinzani wake, na baadaye anaosha vinyago vya wavu vya ukumbi mzima, na aliyewahi kunusa kinyago cha wavu baada ya darasa la mchana anajua hiyo ni adhabu ya kweli.

Kumbi nyingine zilikuwa na mashine. Ncha ikibonyea, taa inawaka, ubishi umekwisha. Mdogo wangu, ambaye wanafunzi walimwita Umeme kwa wepesi wake, alikuwa anaililia mashine hiyo miaka nenda miaka rudi. Fundi, mzee aliyetutengenezea panga na kutushonea makoti ya turubai, rafiki wa Baba tangu ujana, alipendekeza njia ya kale ya kuchovya ncha kwenye wino mwekundu, doa likionekana basi. Baba aliwakatalia wote wawili. "Taa haina aibu," alimwambia Umeme. Na kwa Fundi akasema, "Wino ni wa watu wasioaminiana."

Mimi nilimwamini. Nilianza kusema "nimeguswa" kabla sijajua kuandika. Nilipomaliza shule sikwenda popote, nilipanda pale pale ukumbini, nikafundisha watoto, kisha wakubwa, kisha walimu wa kumbi nyingine. Sikuolewa. Waliokuja walitaka niache upanga, nami sikuona sababu. Umeme alikuwa anakuja na kuondoka. Mara anauza vifaa vya michezo, mara ana mradi na marafiki, mara amerudi nyumbani mikono mitupu anataka chai. Akishika upanga alikuwa mzuri kweli, sitamnyima haki yake. Tatizo ni kwamba alijua kuwa ni mzuri.

Siku Baba alipotuita ofisini kwake kutuambia amechoka, sikushtuka. Nilishtuka aliposema ataukabidhi ukumbi kwa mmoja wetu kwa pambano.

"Ukumbi si keki," alisema. "Haukatwi vipande. Jumapili mchana mtapigana mbele ya wanafunzi. Atakayetangulia kupata miguso mitano, ukumbi ni wake. Mimi mwenyewe nitakuwa mwamuzi."

Nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa meupe katikati, kama maziwa yaliyomwagikia kahawa. Yeye mwamuzi! Umeme aliitikia, "Sawa, Baba," akanikonyeza. Nami nikasema sawa. Nilijiambia kwamba katika ukumbi wetu mwamuzi hahitaji macho, kwa sababu aliyeguswa atasema. Ndivyo nilivyofikiri, na nilikuwa mtu mzima mwenye akili zake.

Jumapili ile tulikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Umeme alikuwa amekaa kwenye benchi akifunga viatu.

"Dada, tusioneane haya leo," alisema. "Mimi nakuheshimu, unajua."

"Najua."

"Ila nikishindwa naondoka. Nisikudanganye. Siwezi kuwa mtu mzima na ndevu zangu, halafu naamrishwa na dada yangu. Watu watanionaje?"

"Watakuona mtu aliyeshindwa."

Alicheka. "Na wewe ukishindwa?"

 Hilo sikuwa nimewahi kulifikiria. Maisha yangu yote yalikuwa ndani ya kuta zile nne, na nje yake sikuwa na kazi, wala nyumba, wala mtu wa kumwambia kwamba nimechelewa kurudi. Nikavaa kinyago nikamwambia awahi.

Wanafunzi walikuwa wamejipanga kando ya kuta. Fundi alipima panga zetu ubavu kwa ubavu, akatukabidhi, akaenda kusimama kwenye ubao wa kuandikia alama. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alisimama, akatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu, akasema, "Sheria mnaijua. Aliyeguswa ndiye anayesema. Anzeni."

Nilimgusa kwanza mimi. Alikuja na pupa zake, nikamkinga, nikamrudishia kifuani. Upanga wangu ulipinda kama upinde. Nikarudi nyuma, nikashusha ncha, nikasubiri mkono wake uinuke.

"Imepita," alisema Umeme.

Imepita. Maana yake ncha imeteleza juu ya nguo ikaenda zake, haikugusa. Lipo neno hilo katika mchezo wetu, na hutumika kihalali. Nilidhani labda ni mimi nimekosea. Labda kweli imepita.

"Endeleeni," alisema Baba.

Tukaendelea. Alinigusa begani kwa mbele, pale panapohesabiwa, nikainua mkono: "Nimeguswa." Fundi akaandika. Nikamgusa tumboni. "Imepita." Nikamgusa ubavuni, akajipinda, akakohoa. "Imepita, Baba, samahani, kikohozi tu." Wanafunzi wengine walianza kutazamana. Fundi alikuwa ameshika chaki mkononi, uso umemsawijika, lakini alikuwa mtu wa ukumbi ule kuliko hata sisi, na mtazamaji hasemi. Kila baada ya muda Umeme alikubali mguso mmoja kwa sauti ya unyenyekevu mkubwa, kama mtu anayetoa sadaka mbele za watu. Ubao ulipoonyesha tuna miwili miwili, kwa hesabu yangu mimi nilikuwa nimeshamaliza pambano zamani.

Damu ilinichemka. Sikuwa nawaza ukumbi tena, nilikuwa nawaza kile kinywa nyuma ya wavu. Nilimkinga upanga wake ukaruka pembeni kabisa, nikajitupa mbele, nikamchoma katikati ya kifua mpaka kikombe cha mpini wangu, kile kinachokinga vidole, kikakaribia kumgusa kidevu.

"Imepi..."

"Umeguswa!" nilipiga kelele. "Umeguswa, mwongo mkubwa wewe!"

 Baba aligeuza kichwa polepole upande wangu.

"Nani amesema hivyo?"

Aliijua sauti yangu kuliko yake mwenyewe. Lakini aliuliza, na ilibidi nijibu mbele ya watoto niliowafundisha sheria ile ile.

"Mimi, Mwalimu."

"Mguso kwa mdogo wako," alisema. "Endeleeni."

Fundi alisita. Kisha akaandika. Tatu kwa mbili, kwa mguso ambao nilikuwa nimeupiga mimi.

Nikaamua liwalo na liwe. Kama anakana miguso ya kawaida, nitampiga asiyoweza kuikana. Nilimfukuza mpaka ukutani nikamdidimiza ncha chini ya mbavu, akatoa mlio kama mlango mbovu, na mtoto mmoja akacheka. Hapo hakuwa na pa kukimbilia. "Nimeguswa," alisema kwa shida. Akanirudishia mmoja wa haki kabisa, wa haraka, ambao hata leo ningempigia makofi, nami nikausema. Kisha nikamkamata tena anavyonijia, kwa pigo lililomkalisha chini kwa makalio. Mtu aliyekaa sakafuni atasemaje imepita? Akainua mkono. Nne kwa nne.

Mguso wa mwisho hakuna aliyeuona. Aliruka na hatua yake ndefu, nikamkinga, na tulipokuwa tunapishana ncha yake ikapita chini ya kwapa langu la kushoto na kunigusa ubavuni, kidogo tu, kama mtu anayekubonyeza kukuuliza saa. Yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa anarudi nyuma kwa mbio, amejikunja, akisubiri niruke mimi, na mbele yangu kifua chake chote kilikuwa wazi. Fundi hakuona, mkono wangu ulimziba. Wanafunzi hawakuona. Baba, mnajua. Dunia nzima aliyejua ni mimi peke yangu. Ningeweza kupiga hatua moja nikawa mwenye ukumbi.

Mkono wangu wa kushoto ulipanda.

"Nimeguswa," nilisema.

Msinivike kilemba cha ukoka hapa. Sikusema kwa wema. Mtu mwema huchagua, mimi sikuchagua kitu. Nilifundishwa hivyo tangu utotoni, nikafunzwa vizuri mno, na mkono ulipanda kabla sijaulizwa kama nataka. Nilipousikia mdomo wangu unatamka, nilitamani kuuziba kwa ngumi.

Umeme alibaki ameduwaa. "Nimekugusa? Wapi?" aliuliza, na hapo alivunja sheria ile ile iliyoniadhibu mimi, lakini vifijo vilikuwa vimeshaanza na hakuna aliyejali. Wanafunzi walimbeba juu juu. Fundi alifuta ubao akaondoka bila kuniangalia. Umeme alipita karibu yangu, kinyago mkononi, uso umelowa jasho na furaha, akasema, "Dada, umecheza kiungwana sana. Tunakwenda kunywa soda chini. Njoo basi. Baba, wewe shuka tu taratibu ukiwa tayari, sisi tunatangulia."

Ukumbi ukabaki mtupu. Nilikusanya vinyago kwa mazoea, kisha nikajikumbusha kwamba si kazi yangu tena, nikaviacha. Baba aliniita ofisini.

"Funga mlango, mama," alisema. Aliniita mama siku zote, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Nilifunga nikabaki nimesimama.

"Baba, sitaki kukuficha. Umeme ametudanganya. Nilimgusa mara nyingi kuliko alivyosema. Wewe hukuona, na si kosa lako. Ila sasa ujue."

Alikuwa anapapasa meza akitafuta kikombe chake. Kwa kawaida ningekisogeza. Sikukisogeza.

"Nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Yote. Ncha ikigonga turubai ina sauti yake, ikiteleza ina sauti nyingine. Unadhani nilianza kuzijua sauti hizo macho yalipoanza kunitupa? Nimesikiliza panga maisha yangu yote. Huyo mtoto ulimmaliza kabla hajatoka jasho." Alikipata kikombe, akakikuta kitupu, akakirudisha. "Na ule wa mwisho nao niliusikia. Yeye hakuusikia. Nilisema moyoni, huyu sasa atanyamaza. Hukunyamaza."

 Nilitafuta ukuta kwa mgongo.

"Kama ulisikia, mbona ulisema tuendelee?"

"Sheria ni kwamba aliyeguswa ndiye anayesema."

"Baba, usinifanyie hivyo. Mimi si mwanafunzi wako wa Jumamosi."

 Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma kuliko mapigo yote ya siku ile.

"Nimezaa wawili. Ningekupa wewe, Umeme angeondoka kesho asubuhi. Ameniambia, na ni kweli, namjua. Angeondoka akapotelea huko na marafiki zake. Nikimpa yeye, atakaa, kwa sababu jina lake litakuwa mlangoni. Na wewe utakaa, kwa sababu wewe hukai kwa ajili ya jina. Watoto wanakupenda, kazi unaijua, yeye hawezi kufundisha hata paka kuruka. Wewe utafundisha, yeye ataitwa mwenye ukumbi. Hivyo ninabaki na wote wawili."

"Na mimi ninabaki na nini?"

"Unabaki hapa," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Sikulia. Nilitaka kusema neno la kumuua na sikulipata, nimezoea kupigana kwa mikono. Nilikwenda kwenye kabati langu, nikatoa koti langu, viatu na panga zangu mbili, nikavitia kwenye mfuko. Nilimsikia akinyanyuka kitini. Nikapita mlangoni bila kumpa mkono wangu, nikashuka ngazi peke yangu kwa mara ya kwanza tangu macho yake yafe, nikawa nashangaa jinsi zilivyo fupi mtu akiwa hamwongozi mtu. Nje kulikuwa na jua. Upande wa pili wa barabara, kwenye baraza la kibanda cha soda, Umeme alikuwa amesimama juu ya kiti akiwaonyesha wanafunzi jinsi alivyonigusa, na alikuwa anaonyesha mahali sipo.

Huko juu nilisikia kiatu.

Kilikuwa kinasugua sakafu mbele, kikirudi nyuma, kikisugua tena, kikitafuta ukingo wa ngazi ya kwanza. Kiliupata, kikaogopa, kikarudi. Hakuniita. Hakumwita mtu. Angemwita nani? Hapakuwa na mwingine duniani aliyejua kwamba mzee yule hawezi kushuka.

Niliuma meno. Aanguke, nilisema, na nilimaanisha hivyo, na ninamaanisha hata sasa ninapolikumbuka. Nilitoka nje ya mlango, nikafika ukingo wa barabara. Kiatu kilisugua tena.

Nikaweka mfuko wangu chini, nikapanda.

Alikuwa amesimama juu kabisa, kichwa wima, anatazama ukuta. Kiwiko chake alikuwa ameshakikunja na kukisogeza pembeni, kimekaa tayari kushikwa, na sikujua amekaa hivyo kwa muda gani.

"Watoto Jumatatu wanaanza saa tisa," alisema nilipomshika.

"Saa naijua," nilimjibu, nikamshusha, ngazi moja moja.